Umeongeza chumba bondeni ukapigwa X? Mwongozo kamili wa kibali, notisi na mgogoro na jirani

Hii naandika kwa mtu ambaye nyumba anayo tayari na anaishi humo, iwe Kigogo, Jangwani, Tandale kando ya Mto Ng'ombe, Msasani Bonde la Mpunga, Mbagala kuelekea Mzinga, au hata Tegeta na Mbezi huko kwa wenye hati zao, na sasa anataka kuongeza chumba, kuinua sakafu, kujenga uzio au kutoa frem ya duka mbele. Au ameshajenga na ameshapigwa X, ile alama nyekundu ya kuvunjiwa ukutani. Au jirani kamwaga kifusi na mvua ikinyesha maji yote yanahamia sebuleni kwake. Wengi wanaoshindwa kwenye haya mambo wala si kwamba hawana haki, wanashindwa kwasababu wamegonga mlango usiohusika wakazungushwa mpaka siku zikaisha, kwahiyo nitakaa sana kwenye milango na siku, mambo ya ramani nitayapitia harakaharaka tu.

Angalizo, sheria nazotaja ni za Tanzania Bara na mifano ni ya Dar. Zanzibar wana sheria zao za ardhi.

Hatua ya kwanza: jua mto uko wapi na wewe uko wapi

Namba ya kuijua ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda hizohizo 60. Hapa ndo ugomvi unapoanzia, maana mita 60 kutoka wapi? Kutoka ukingoni, na ukingo wa mito ya Dar hautulii. Mto Tegeta na Mto Mbezi watu wamechimba mchanga mpaka kingo zinameguka kila masika, mtu alinunua kiwanja akiwa mbali kabisa na mto, ana hati na bikoni nne (mawe ya mipaka ya kiwanja), leo bikoni mbili ziko hewani na mto umemfuata hadi chooni. Akija mkaguzi na futi yake anapima kutoka ukingo wa leo, we unataka apime kutoka ule wa mwaka ulionunua. Bila karatasi hapo utabaki unapiga kelele tu.

Kwahiyo kabla hujagusa tofali tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa (sio kijana mwenye GPS ya simu) akupimie umbali toka ukingo hadi kona ya nyumba iliyo karibu zaidi na mto, aandike koodineti, tarehe, na agonge mhuri. Kama una ramani ya upimaji ya zamani mwambie aioneshe kwenye mchoro huohuo, ili kuhama kwa ukingo kuonekane kwa macho.

Alafu angalia umiliki wako ni wa aina gani. Hati miliki ni kitu kimoja, leseni ya makazi ni kingine, yenyewe ina muda na inaisha, wengi wanaiweka kabatini wakidhani ni hati na wanakuja kushtuka ishaexpaya zamani. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba ulinunua kwa fulani, haikupi ruhusa ya kujenga chochote. Na ile barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema "anaruhusiwa kufanya ukarabati" sio kibali cha ujenzi, hata akiigonga mihuri mitatu.

Jingine la kuuliza ofisi ya ardhi, kwa maandishi: eneo langu limetangazwa kuwa ardhi hatarishi? Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kina utaratibu wake wa kutangaza ardhi ya namna hiyo, na kuna tofauti kubwa kati ya "eneo hili linajaa maji" analosema mtu mdomoni na eneo lililotangazwa kwa kufuata utaratibu. Ukipata jibu la maandishi, liwe zuri liwe baya, litunze.

Na kama uko bonde la Msimbazi uliza kuhusu mradi kabla ya yote. Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 200 mwaka 2022 kwa ajili ya lile bonde, ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani, na watu wamefanyiwa tathmini wakalipwa fidia wahame. Kama nyumba yako ishathaminiwa, chumba utakachoongeza baada ya mthamini kuondoka hakihesabiwi, hela yako umeifukia. Nimeona watu wanapandisha kuta usiku wakijua mradi unakuja eti wazidishe fidia. Acha.

Hatua ya pili: pima maji kama unavyopima kiwanja

Hili watu hawalifanyi na ndilo lenye nguvu kuliko maneno yote. Mafuriko yakipita ukutani kunabaki mstari wa matope, kahawia, umenyooka kama umechorwa na rula. Kabla hujaufuta chukua tepu meja, simamisha toka sakafuni hadi kwenye mstari, piga picha tepu na mstari vikionekana pamoja, alafu rudi nyuma piga nyingine inayoonesha nyumba nzima ili mtu asiseme ni ukuta wa kwingine. Fanya hivyo ndani, nje, na kwa jirani akikubali. Andika tarehe ya mvua. Uliza wazee wa mtaa maji ya Desemba 2011 yalifika wapi, maana ile ndo mvua ambayo kila mtu Dar anaikumbuka, watu zaidi ya 40 walikufa na serikali ikawapeleka waathirika wengi Mabwepande, na kwenye nyumba nyingi za zamani bado utaoneshwa "yalifika hapa, juu ya swichi."

Video nazo ni muhimu, ila irekodi wakati mvua inanyesha ioneshe maji yanaingia toka upande gani na yanatokea wapi. Kwenye kesi ya jirani video ya dakika mbili inayoonesha maji yakigonga uzio wake mpya na kurudi kwako ina thamani kuliko mashahidi watano wa kuongea. Usiiache wasap tu, itume kwenye imeili yako ikae na tarehe.

Hatua ya tatu: omba kibali, hata kama kila mtu mtaani hajaomba

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haitaki uendelezaji kwenye eneo la mipango bila idhini ya mamlaka, na kwa sisi mamlaka ni manispaa au jiji. Kupaka rangi, kubadili bati lililotoboka, kuziba ufa, hapo huna haja ya kibali. Kuongeza chumba, kupandisha ghorofa, kujenga uzio, kuchimba septiki mpya, kugeuza chumba kuwa duka, vyote hivyo unahitaji. Uzio ndo unawaponza wengi, mtu anaona ni ukuta tu, kumbe bondeni ukuta ndo unaobadili njia ya maji kuliko hata chumba.

Maombi siku hizi yanapitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, ila bado utafika ofisini, jiandae. Utatakiwa na uthibitisho wa umiliki, risiti za kodi ya pango la ardhi, michoro ya msanifu na ya mhandisi wote wakiwa wamesajiliwa, na ramani inayoonesha kiwanja kiko wapi. Hayo ni ya kawaida. Kwa eneo la maji mwambie msanifu aongeze na haya ambayo hakuna atakayekuomba lakini ndo yatakayokuokoa: usawa wa ardhi ya sasa, usawa wa sakafu mpya, mstari wa maji ya juu kabisa uliyoyapima kwenye hatua ya pili, mishale ya maji yanakotoka na yanakoelekea, na mtaro ulio karibu. Afisa mipango miji akiona mstari wa maji kwenye mchoro anajua anaongea na mtu aliyejipanga.

Ukiwa karibu na mto peleka pia barua Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, hao ndo wenye mito ya Dar, na nyingine NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mtaro wa barabara za mitaa uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Usisubiri manispaa iwaulize, iwaulize lini?

Kila unachopeleka kipeleke nakala mbili, moja inabaki kwao, nyingine wanakugongea mhuri wa kupokea wenye tarehe na unaondoka nayo. Msichana wa masjala akisema "acha tu tutakuita" we mwambie dada yangu naomba unigongee mhuri, kwa heshima, na usiondoke. Ule mhuri ndo utakaokuja kusema uliomba lini na walikaa kimya muda gani.

Wakikukataza waombe sababu kwa maandishi. "Eneo hatarishi" peke yake sio sababu iliyokamilika, unataka kujua ni kipimo gani, sheria gani, na kama kuna mabadiliko ya mchoro yatakayokubalika. Mara nyingi lipo: badala ya kujaza kifusi unasimamisha chumba juu ya nguzo maji yapite chini, badala ya uzio wa tofali toka chini unaweka kozi za chini zenye matundu au grili, na septiki unainua mfuniko juu ya mstari wa maji na kuufunga vizuri, kwasababu septiki ikifurika bondeni kipindupindu hakikuulizi una hati au huna. Gharama ya nguzo inauma, sikatai. Ila mchoro wenye nguzo unapita mahali ambapo mchoro wa kifusi umekwama.

Hatua ya nne: umepigwa X

Desemba 2015 kuingia Januari 2016 serikali ilivunja nyumba kibao bonde la Msimbazi, Mkwajuni na Hananasif watu wanaikumbuka, alama nyekundu zikawa kila ukuta, na wakazi waliokimbilia Mahakama Kuu wakapata zuio kwa muda. Waliokuwa wameshavunjiwa hawakuwa na cha kuzuia.

X yenyewe isome. Kwa kawaida pembeni yake pana jina la ofisi iliyopiga na tarehe. Piga picha karibu na mbali, maana rangi inaweza kufutika au mtu akaja kubadili tarehe. Kama hakuna jina nenda siku hiyohiyo kwa mtendaji wa mtaa umuulize ni nani aliyepita, akuandikie. Halafu dai notisi ya maandishi, na ukiipata angalia vitu hivi: imetolewa kwa jina la nani (ukikuta jina la aliyekuuzia, au la marehemu baba, hiyo ni hoja), inataja kiwanja gani, kosa ni lipi na chini ya sheria gani, unatakiwa kuvunja nyumba nzima au chumba kilichoongezwa tu, na umepewa siku ngapi. Hilo la nne watu hawaliangalii. Kuna mtu ana nyumba halali ya miaka, kaongeza choo na stoo bila kibali, X imepigwa ukuta wa mbele, anaamini nyumba yote inaondoka kumbe tatizo ni stoo.

Simamisha ujenzi hapohapo. Najua fundi keshalipwa na saruji inaganda stoo, lakini ukiendelea hata tofali moja baada ya notisi umewapa hoja ambayo hawakuwa nayo, na hakimu hatakuonea huruma.

Kisha andika pingamizi, fupi, ndani ya siku walizokupa, hivi:

*Mkurugenzi wa Manispaa, S.L.P..., Dar es Salaam.*
*YAH: PINGAMIZI DHIDI YA NOTISI YA TAREHE ... KUHUSU KIWANJA NA. ... KITALU ..., MTAA WA ...*
*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea notisi tajwa tarehe ... Napinga notisi hiyo kwa sababu zifuatazo: (1) vipimo vya mpima ardhi aliyesajiliwa, vilivyoambatishwa, vinaonesha umbali wa mita ... kutoka ukingoni, (2) sehemu inayolalamikiwa ni... pekee, (3) niliwasilisha maombi ya kibali tarehe... na sijajibiwa. Naomba ofisi yako isitishe utekelezaji, ifanye ukaguzi nikiwepo, na inipatie uamuzi kwa maandishi.*

Nakala kwa mtendaji wa kata, diwani na ofisi nyingine yoyote iliyotajwa kwenye X. Diwani hana mamlaka ya kufuta notisi ila kelele yake inasaidia faili lisilale chini. Hoja dhaifu usizitangulize: usiandike "nimekaa miaka 20" kama ndo hoja ya kwanza, wala "mbona fulani hajavunjiwa". Hizo weka mwisho kama lazima.

Hatua ya tano: hapa ndo watu wanapotea mlango

Mgogoro na jirani na mgogoro na serikali haviendi sehemu moja. Hata kidogo.

Ukigombana na jirani (kajaza kifusi, kajenga uzio juu ya mkondo, kaelekeza bomba la bati kwako) anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mjumbe mkae kikao, na kikao kiandikwe muhtasari na msaini. Nusu ya hizi ishu zinaishia hapo kwa jirani kutoboa matundu kwenye uzio na nyie wawili kuchangia mtaro wa pembeni, na kwa kweli ni bora kuliko kesi, mnaishi pamoja, msiba ukitokea ndo huyohuyo anakuja kuleta turubai. Ikishindikana nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halihukumu tena, kwahiyo mtu akikwambia "baraza la kata lilinipa ushindi" muulize mwaka gani. Wakishindwa kuwapatanisha wanakupa cheti kwamba imeshindikana, na siku 30 zikipita bila usuluhishi unaweza kuendelea mbele hata bila cheti. Kile cheti wakikupa usikiache, maana kabla ya hizo siku 30 bila yenyewe Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri la ardhi. Hapo wilayani ndo unaomba amri ya kuondoa kizuizi, fidia ya vitu vilivyoharibika, na zuio la muda kama bado anaendelea kumwaga kifusi. Usiporidhika unakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Ukigombana na manispaa, NEMC au TARURA, Baraza la Ardhi sahau. Toka sheria irekebishwe 2020 ukiishtaki serikali, na halmashauri imo humo, ni Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi, na kabla ya kufungua unatoa notisi ya siku 90. Kesi isiyomuunganisha inatupwa hata kama una haki mia kwa mia, na kuna watu wanaendelea kupoteza mwaka mzima kwenye baraza la wilaya ndo wanaambiwa hatuna mamlaka, rudi ukaanze upya.

Sasa utasema siku 90 nazitoa wapi wakati notisi ya kuvunja ni siku 14? Swali zuri. Mawakili huwa wanaomba Mahakama Kuu zuio linaloitwa Mareva, linashikilia hali ilivyo wakati zile siku 90 zinahesabika. Mahakama haitoi kwa kulia, inataka kuona una hoja ya msingi, hasara utakayopata hailipiki kirahisi kwa hela, na ukinyimwa utaumia kuliko wao wakizuiwa. Vipimo, picha za tepu meja, mihuri ya kupokea, vyote ulivyokusanya huko juu ndo vinafanya kazi leo. Notisi ya siku 90 na maombi ya zuio vitoke wiki moja, usimalize kimoja ndo uanze kingine.

Kuna mlango mwingine kama shida yako sio umiliki bali ni namna uamuzi ulivyofanyika, mfano hukusikilizwa kabisa au aliyeamua hana mamlaka. Hayo ni mapitio ya mahakama, unaomba kibali Mahakama Kuu ndani ya miezi 6 toka uamuzi, ukikipata una siku 14 kuwasilisha maombi yenyewe. Mahakama hapo haitasema chumba chako kibaki, inaweza tu kuufuta uamuzi ili wakauamue upya kwa kufuata utaratibu. Kwa mtu ambaye kweli yuko mita 20 toka mtoni hii inampa muda, haimpi nyumba, na wakili mkweli atakwambia hivyo kabla hajachukua hela yako.

Kama huna hela ya wakili

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria mpaka ngazi ya mitaa, na Dar kuna mashirika ya LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) yanayosaidia bure watu wasio na uwezo, ingawa foleni ipo. Ukienda usiende na hadithi, nenda na bahasha: hati au leseni au mauziano, ripoti ya mpima, picha zilizoprintiwa zikiwa na tarehe nyuma, notisi, barua zote zenye mihuri, na karatasi moja uliyoandika matukio kwa tarehe toka la kwanza hadi la mwisho. Waachie fotokopi. Orijino rudi nazo, na bondeni usizitunze kwenye droo ya chini.